Vinyweleo vya Mpira

Barabara ya Kirinyaga, saa kumi alasiri, manyunyu ya Julai.
Nimeegesha pikipiki yangu ya mwaka themanini na sita
kati ya marundo ya rimu na mtu anayekaanga viazi karai.
Silinda zake mbili zimejitokeza ubavuni
kama viwiko vya mama aliyeshika kiuno akidai kodi.
Imenifikisha Moyale, Mbeya, Kigali, Lokichar mara mbili.
Siku hizi inanifikisha Upper Hill kwa daktari wa macho,
na kunirudisha.

"Nataka matairi ya kudumu," nikamwambia Syombua,
ovaroli ya samawati, penseli imechomekwa kwenye nywele.
"Ya kudumu hasa. Nisirudi hapa kesho kutwa."
Akacheka kwa pua. "Mzee, kila mtu hutaka cha kudumu.
Hata wanaonunua miavuli."

Akashusha mawili kutoka darini.
Hili gumu, alisema, ukucha hauingii.
Elfu ishirini na tano likipata lami nzuri.
Ila siku ya mvua, pale Museum Hill,
juu ya ule mstari mweupe,
litakufundisha sala ambazo hukuwahi kuzijua.
Hili laini. Linashika barabara
kama deni linavyoshika mshahara.
Lakini linaisha. Elfu kumi, kumi na mbili,
na bei iko juu kidogo, nisikudanganye.

"Kwa mwaka unaenda ngapi?"
"Elfu ishirini," nikasema,
haraka, kama anayetaja umri kwenye fomu ya mkopo.

Hakubisha. Alichuchumaa kando ya tairi langu la nyuma,
akapitisha kidole gumba ubavuni, polepole,
pale mpira ulipopasukapasuka kama kisigino cha kiangazi.
Akafuta tope kwa mate, zikatokea tarakimu nne:
juma la arobaini, mwaka wa kumi na nne.
"Meno yapo," akasema. "Nusu nzima yapo.
Hili halikuuawa na barabara.
Limezeekea bandani."

Viazi vililia ndani ya mafuta.

Nilivua helmeti, nikapapasa kipara changu,
ambacho angalau nimekipata kwa kukitumia.
Nikapiga hesabu kimoyomoyo:
elfu ishirini na tano, kwa elfu mbili kila mwaka,
na hizo mbili nimezikadiria kwa ukarimu.
Miaka kumi na miwili na nusu. Nina sabini na mmoja.
Na mpira, ukifika miaka sita, saba,
huanza kufa wenyewe, uende usiende.
Basi hilo gumu ningemnunulia nani?
Yule wa Lokichar, aliyelala juu ya changarawe
akaamka akipiga mluzi?
Hayupo. Aliniachia jaketi, na hili goti.

"Nipe laini."
"Litaisha, mzee."
"Ndivyo ninavyotaka. Liishe."

Akaligeuza kwanza tulisome umri: juma la nane, mwaka huu.
Akayafunga yote mawili, akanionya:
jipya lina utelezi, kilomita mia mbili za kwanza
usilale kwenye kona, enda kama umebeba keki ya harusi.
Nikaenda hivyo Barabara ya Jogoo nzima,
boda zikinipita, hii na abiria watatu,
hii na mitungi ya gesi, moja na kabati la nguo,
na mwenye kabati ndiye aliyenipigia honi.

Buruburu giza lilikuwa limeingia.
Nilipiga magoti uani, nikapapasa tairi kwa vidole.
Vile vinyweleo vyeusi linavyozaliwa navyo:
vya katikati vimeshalika, havipo.
Vya pembeni, kushoto na kulia,
vingali vimesimama, vibichi, kama ndevu za mvulana,
havijaguswa na kona hata moja.

Rael akachungulia dirishani. Nimepoteza nini?
Nikamwambia sijapoteza, nahesabu.
Hakuuliza nahesabu nini.
Alileta tochi.